Karatasi za Rafu: Nilivyofundisha Watu Kupanga Maneno Yao

Nilistaafu muhula uliopita, na walimu wenzangu wa idara ya Kiswahili pale Gatitu wakaniomba niwaachie maelezo ya namna ninavyofundisha wanafunzi kupanga insha kabla ya kuiandika. Waliomba ukurasa mmoja. Watanisamehe. Mimi sikujifunza jambo hilo kwa ukurasa mmoja, na siwezi kulieleza bila kuwataja walionifundisha, ambao baadhi yao walikuwa wanafunzi wangu. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Hayo kila mtu atajionea mwenyewe, na ni afadhali yamkute akiwa ameketi.

Nilianzia kazi Endarasha, upande wa Kieni, katika shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya viazi na kabeji. Nilitoka chuoni nikiwa na cheti, sweta moja jepesi na imani kubwa. Sweta liliniangusha asubuhi ya kwanza, maana kule Kieni umande huganda kwenye nyasi, na watoto huingia darasani wakipuliza vidole. Imani ilijikaza mpaka mwisho wa juma.

Nilipewa darasa la sita. Nikawapa insha ya kuandika, "Siku ya Soko", na kwa kuwa chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba insha hupangwa kwa muhtasari rasmi, nikawachorea muhtasari rasmi. Utangulizi, kisha Mwili, kisha Hitimisho. Chini ya kila kimoja nikaweka A, B na C, na chini ya hizo nambari za Kirumi. Ulikuwa muhtasari wa kutundikwa ukutani. Watoto waliunakili kwa rula, kimya, nami nikajiambia kwamba kumbe kazi hii si ngumu.

Nilipokusanya madaftari nikakuta wengi wameunakili muhtasari wangu na kuishia hapo, wakiamini kwamba hiyo ndiyo insha. Wengine walikuwa wamejaza sentensi moja moja mbele ya kila herufi, kama watu wanaojaza mitungi. Na msichana mmoja, Wangui, alipofika kwenye Mwili, aliandika hivi: "Mwili wangu uko na mikono miwili, miguu miwili na tumbo. Siku ya soko mwili wangu ulisikia baridi."

Mwalimu Gathogo, aliyefundisha darasa la nane na ambaye mvi zilikuwa zimemfika hata kwenye nyusi, aliuona uso wangu pale kwenye chumba cha walimu. Akalichukua daftari la Wangui, akasoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyu mtoto ndiye peke yake amejibu swali yako," akasema. "Umemuuliza mwili, amekupa mwili."

"Lakini niliwapa mpango, Mwalimu."

"Uliwapa sanduku. Hawana kitu ya kuweka ndani. Kesho kuja darasa yangu, ukae nyuma, na usiandike chochote."

Kesho yake nikakaa nyuma. Gathogo aliandika kichwa kilekile katikati ya ubao, akakizungushia mduara, akageuka. "Nani alienda soko juzi?" Mikono ikainuka. "Wewe, uliona nini?"

"Mbuzi alikula kofia ya mzee."

Akaandika "mbuzi, kofia" juu pembeni. Mwingine alikuwa amepotezana na mama yake. Mwingine alikuwa amebeba kabeji mpaka shingo ikamuuma. Kila aliyesema, Gathogo alimwandikia maneno mawili au matatu, popote palipokuwa na nafasi, mengine yakiwa yamelala upande. Ubao ulipojaa ulifanana na uwanja uliochakurwa na kuku.

"Haya, tumevuna," akasema. "Viazi zikitoka kwa shamba mnafanya nini?"

"Tunachambua," darasa zima likajibu.

"Namna gani?"

"Za soko, za mbegu, za ng'ombe."

"Basi hapa nionyesheni za ng'ombe, nizifute."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Walibishana. Kabeji na shingo zilifutwa, zikarudishwa, zikafutwa tena. Mvulana mmoja alishikilia kwamba mbuzi na kofia ndiyo ije kwanza, kwa sababu inachekesha. Gathogo hakumkatalia. Alimuuliza tu, "Ukiiweka mwanzo, mwisho uko na nini?" Mvulana akautazama ubao, midomo ikimchezacheza. Sikuwahi kumwona mtu akiiwazia insha namna ile. Chuoni hata sisi wenyewe hatukuiwazia hivyo.

"Mwanzo niwaambie tu kuna mbuzi alifungwa karibu na mzee," akasema hatimaye. "Kofia ingoje."

Tulipotoka Gathogo aliniambia, "Mwaga kwanza, uchambue baadaye. Hizo herufi zako na nambari si mbaya, lakini ni za mtu ambaye ameshajua anasema nini. Sisi wengine tunajua tukishaanza kusema."

Nikajaribu na darasa langu. Kelele zilikuwa nyingi hata mwalimu mkuu akaja mlangoni kuona nani anapigana. Tuliandika rafu, yaani yale mawazo ya kwanza kabla ya insha yenyewe, kwenye migongo ya kalenda za zamani na karatasi za ndani za mifuko ya saruji, na tangu siku hiyo nilijiwekea sheria ambayo sijawahi kuivunja: kalamu nyekundu haigusi rafu. Mtoto akijua utaisahihisha rafu yake, ataanza kukuandikia rafu safi, na rafu safi haina faida kwa mtu yeyote.

Wangui aliandika upya. Safari hii aliandika kuhusu mama yake akiuza gunia la viazi kwa mnunuzi mkaidi, na katikati ya insha kulikuwa na sentensi hii: "Mama aliangalia kando kama mtu ambaye hataki kuuza." Nilikwenda nayo mpaka kwa Gathogo, nikaisoma kwa sauti, na yeye akaomba niirudie. Tulisimama pale uani na baridi ile, watu wazima wawili, tukifurahia sentensi ya mtoto kama waliopata habari njema kutoka nyumbani.

Baada ya miaka kadhaa, na masomo zaidi, nilihamishiwa shule ya upili ya wasichana karibu na Kiriaini, kwenye vilima vya chai. Huko nikakuta ugonjwa mwingine. Watoto wa Endarasha walikosa cha kusema, lakini wasichana wa Kiriaini walikuwa na maneno kupita kiasi, ila hayakuwa yao. Walikuwa wamekariri. Kila insha ilianza kwa jua kuchomoza kwa madaha na ndege kutumbuiza, hata insha za ajali za barabarani, hata barua ya kuomba kazi moja ninayoikumbuka. Nilisahihisha jua lile likichomoza mpaka nikalichoka, nami ni mtu wa Nyeri, ambako mwezi wa saba jua lenyewe hatulioni.

Aliyekariri kuliko wote alikuwa Njoki, wa kidato cha nne. Mwandiko wake ungedhani umepigwa chapa. Rafu aliichukia waziwazi. "Mwalimu, hii inachafua," aliniambia, akiishika karatasi kwa ncha za vidole. Nilipowalazimisha wote wanikabidhi rafu pamoja na insha, ya Njoki ilifika ikiwa nadhifu kuliko insha za wenzake. Baadaye niligundua kwamba alikuwa akiandika insha kwanza, kisha anatengeneza rafu ya kunipendeza, na maneno ya kukatwa anayakata kwa rula. Nilimsifu kwa bidii, kwa kuwa sikujua nimsifu kwa nini kingine.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mtaratibu ambaye hakupenda kusumbua watu. "Mwalimu Nyawira," akasema, "hawa wasichana wanapita. Njoki anapita vizuri. Usiwachanganye karibu na mtihani." Kweli alikuwa akipita.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio. Swali la insha lilikuwa jepesi, au sisi walimu tulidhani hivyo: mweleze mgeni jinsi ya kufanya kazi moja inayofanywa kwenu. Njoki alilichomoza jua, akawaimbisha ndege, akajaza nusu ukurasa, akasimama hapo. Msimamizi alisema alikaa akiutazama ukurasa mpaka muda ukaisha. Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje, uso umevimba kwa kulia.

"Mwalimu, hakuna kitu niko nayo," akasema. "Nimetafuta kwa kichwa yote, hakuna."

"Kwenu hamfanyi kazi yoyote?"

"Tunachuma chai tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonipeleka kwao Jumamosi. Mama yake alinipa uji, akanipa kikapu cha kubeba mgongoni, akaenda zake upande wa chini wa shamba akatuacha. Nikamwambia Njoki anifundishe kuchuma. Mimi ni wa upande wa kahawa, na chai nilikuwa nimeijua kwenye kikombe.

"Mwalimu, usiguse hiyo jani," akasema mara moja. "Hiyo ni ya mti. Chukua mbili ndogo na hii imesimama katikati. Hapana, usifinye. Ukifinya inakuwa nyeusi kwa kikapu." Alinishika mkono akanionyesha. Alinigombeza kwa kujaza kiganja kupita kiasi, kwa kurukaruka mistari, kwa kuvaa viatu vya shule kwenye mteremko, akaniambia maji ya majani yataniacha na vidole vyeusi. Kila aliposema jambo nilipangusa mikono kwenye sketi, nikatoa karatasi mfukoni na kuandika maneno mawili. Mama yake alipanda akaniuliza kwa upole kama nimetumwa na kiwanda cha chai kuja kukagua.

Tulipoketi kupumzika nikampa Njoki karatasi.

"Hii ni nini?"

"Soma."

Akasoma. Jani kubwa, la mti. Mbili na chipukizi. Usifinye. Mstari kwa mstari. Viatu. Vidole vyeusi. "Hii yote ni mimi nimesema?"

"Yote. Na kwa mpangilio huohuo. Sijagusa kitu."

"Lakini hii si Kiswahili ya mtihani, Mwalimu."

"Mimi mgeni nimeelewa. Kuna mtihani mwingine?"

Aliiweka karatasi juu ya goti, akaomba kalamu. Akaandika "vidole vyeusi" juu kabisa, akatafakari, akayakata. Aliyakata kwa mkono, na mstari wenyewe ukapinda mpaka ukingoni mwa karatasi. Akayaandika tena chini. Moyoni nilikuwa nikicheza.

Jumatatu aliniletea insha. Ilianza hivi: "Usiguse jani hilo. Najua ni kubwa na linapendeza, lakini hilo ni la mti, si lako." Mpaka mwisho hapakuwa na jua wala ndege, ila mvua ya Kiriaini ilikuwapo, kwa sababu huwapo. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, akanirudishia. Wiki iliyofuata aliniomba niingie katika madarasa mengine na hizo karatasi zangu. Matokeo ya mtihani wa taifa ya Njoki mtamuuliza yeye mwenyewe. Mimi nililokuwa nikilitaka nilikuwa nimekwisha kulipata.

Gatitu ndiko nilikomalizia. Ninyi wenzangu mnanijua kutoka huko, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia jinsi tulivyofundisha. Mnajua kwamba sipendi rafu za kwenye simu, na mnajua pia kwamba nimewaachia mzitumie, maana vidole vya watoto wa sasa viko huko. Ninachowaomba ni kimoja. Siku hizi mashine itamwandikia mtoto insha nzima, ina utangulizi na hitimisho, kabla haijamuuliza jina. Basi nyinyi muulizeni kwanza. Muulizeni aliona nini. Hata akisema hakuona kitu, kaeni naye.

Ila somo langu bora la miaka hiyo halikuwa darasani, na hamkuliona. Lilikuwa Nyeri mjini, ndani ya duka la vitambaa nyuma ya soko, na mwanafunzi alikuwa mzee kuniliko.

Wateja walimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, ingawa jina lake ni Hansa na wazazi wake walikuwa Wahindi wa Gujarati. Aliuza vitambaa vya sare za shule, na Kikuyu alikijua vizuri kuliko baadhi ya wajukuu zangu. Alasiri moja nilipokwenda kumnunulia mpwa wangu kitambaa cha sketi, akanivuta nyuma ya meza ya kukatia.

"Mwalimu, wewe unafunza watoto kupanga maneno. Mzee kama mimi unaweza?"

"Unataka kuandika nini, Cucu?"

"Kuandika sitaki. Nataka kusema. Priya anaolewa."

Priya ni mjukuu wake, daktari wa mifugo. Alikuwa akizunguka upande wa Kieni kutibu ng'ombe, na huko ndiko alikokutana na Mwangi, ambaye baba yake, Mzee Wahome, ni mkulima wa Endarasha na mzee wa kanisa. Vijana wenyewe walikuwa wameshakubaliana. Waliobaki kukubaliana ni wakubwa. Kwa Cucu walinung'unika wakachoka. Kule shambani, Mzee Wahome alisema atakuja harusini, atakula, atarudi nyumbani, na asitarajiwe kusema lolote. Alikuwa amesema pia jambo jingine, nalo lilikuwa limemfikia Cucu.

"Ati huyu msichana ya duka hatajua kuishi kwao," akaniambia. "Ati atakaa kidogo halafu akimbie baridi. Sasa watoto yangu wanataka niongee Kigujarati, Priya atafsiri. Nimekataa. Bibi harusi hafanyi kazi siku yake. Nataka Kiswahili, sababu hiyo ndiyo yetu na yao. Na huyo mzee asikie kwa mdomo yangu."

"Utamjibu vibaya?"

"Sitamjibu vibaya. Nitamjibu tu."

Tulikutana alasiri ambazo duka lilikuwa limepoa. Yeye alisema, mimi niliandika kwa maneno mawili matatu kwenye karatasi ya kaki waliyofungia majora. Alikuwa na mengi. Alivyoletwa Nyeri akiwa bibi harusi kutoka pwani, akalia njia nzima. Alivyoshindwa kuwasha jiko kwa makaa yenye unyevu mpaka jirani yake, Mkikuyu aliyeuza mboga, akaingia bila kubisha na kumwonyesha. Priya akiwa mdogo akiwafunga kuku bandeji za vipande vya sare. Marehemu mumewe. Miguu yake. Bei ya pamba.

"Ni mingi," akasema alipoona karatasi imejaa. "Sasa?"

"Sasa tunachambua."

Alinitazama, akachukua mkasi wake mkubwa wa kushonea na kuikata karatasi vipande vipande, kila jambo peke yake, akavitandaza juu ya meza. Miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuwaza mkasi. Akawa anavisogeza kama mtu anayetafuta upande wa nje wa kitambaa. Bei ya pamba aliiondoa mwenyewe. Miguu nayo akaiondoa. Kile cha mumewe alikishika mkononi kwa muda, kisha akakiweka kando, mbali na vya kutupwa. "Huyu ni mzuri lakini si wa siku hiyo," akasema. "Siku hiyo ni ya Priya."

Kipande kilichotushinda kilikuwa kile kilichosema "Wahome alisema". Akikiweka mwanzo, kilichofuata chote kilikuwa ugomvi. Katikati, kiliwanyang'anya kuku wa Priya kicheko chao. Mwisho, watu wangekwenda mezani wakiwa na uchungu. Nilimshauri akitupe. Akakataa. Vingine alivipanga, akavibana pamoja kwa pini, na hicho kimoja akakichomeka peke yake kwenye ukingo wa mtandio wake.

"Hii nitaamua nikimwona," akasema.

Harusi ilikuwa katika ukumbi wa mjini. Ibada zilikuwa zimemalizika asubuhi, na karamu ilikuwa ya mboga tupu, jambo ambalo upande wa Endarasha walilichukulia kwa uvumilivu wa Kikristo. Mzee Wahome alikuwa amevaa koti zito na kofia, akigeuzageuza wali kwa uma kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nilikuwa meza ya nyuma. Cucu aliposimama na vipande vyake mkononi, watoto wake walitazama chini.

Alianza na makaa. Alisimulia alivyopuliza jiko mpaka macho yakavimba, akiwa bibi harusi mwenye hina mikononi, na moshi ukitoka dirishani mtaa mzima ukimcheka. Upande wa Endarasha uliacha kula. Alisimulia jirani yake alivyoingia. "Hakuniuliza dini. Alisema hii makaa imelala na maji, kuja nikuonyeshe. Akanionyesha. Kesho akanionyesha maneno ya soko. Keshokutwa akanionyesha njia ya hospitali." Kisha akawaleta kuku wenye bandeji, na ukumbi ukacheka, hata baba yake Priya.

Hapo niliuona mkono wake ukienda kwenye ukingo wa mtandio. Akakichomoa kile kipande, akakitazama, akamtazama Mzee Wahome.

"Mzee," akasema, "nilisikia ulisema Priya hatajua kuishi kwenu."

Hakuna uma uliogonga sahani.

"Ni kweli," Cucu akasema. "Hatajua. Mimi pia sikujua kuishi hapa. Nilionyeshwa. Sasa nakuomba, na wewe umwonyeshe." Akakikunja kipande, akaketi.

Kilikuja mwisho, lakini si ule mwisho wa uchungu tuliojaribu mezani. Alikuwa amekigeuza kikawa ombi, na hakuna somo langu lililomfundisha hivyo. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, na mimi nikapiga mpaka viganja vikaniwasha.

Makofi yalikuwa hayajaisha mtu aliponigusa bega. Alikuwa Mzee Wahome, kofia mkononi.

"Wanasema wewe ndiye mwalimu yake," akasema. "Mimi sikupanga kusema kitu. Sasa siwezi kuondoka hivi. Nisaidie."

Nikavuta tishu mezani na kuomba kalamu kwa jirani. "Niambie unataka kusema nini."

Akasema. Kwamba yeye si mtu mbaya, kwamba alinukuliwa nusu, kwamba watu wa Endarasha ni wakarimu, kwamba kanisa lao halina ubaguzi, kwamba chakula kilikuwa kizuri. Niliyaandika yote. Kisha nikamgeuzia tishu na kumuuliza, katika hayo ni lipi angetaka Priya alikumbuke akiwa mzee. Aliyasoma moja moja, akatikisa kichwa.

"Hakuna," akasema. Akanisukumia tishu. "Kuna hii ya ng'ombe, lakini sijakuambia."

"Basi usiniambie mimi. Enda ukawaambie wao."

Alisimama mbele bila tishu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio upande wa pili wa bonde.

"Huyu msichana mara ya kwanza alikuja kwangu kama daktari," akasema. "Ng'ombe yangu ilikuwa imeshindwa kuzaa. Mvua inanyesha, boma yote ni matope. Akapiga magoti hapo ndani, akaweka mkono mpaka bega, akakaa mpaka ndama ikatoka. Mimi nilisimama na mwavuli. Mwavuli yenyewe nilikuwa nimejifunika mimi." Watu wakaanza kucheka, naye akangoja. "Halafu nikaenda nyumba, nikakaa kwa moto, nikasema ati hatajua kuishi kwetu. Sijui nilikuwa naangalia nini."

Akamgeukia Cucu, akainamisha kichwa. "Mama, mambo ya kwetu nitamwonyesha. Ya ng'ombe yeye atanionyesha. Na hiyo ndama sasa ni mtamba mkubwa. Kuanzia leo ni yake."

Cucu alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakawa yakitikisika, sijui kwa kicheko au kwa machozi. Priya aliinuka na sari yake nyekundu nzito, akavuka ukumbi mzima mpaka kwa Mzee Wahome, akamshika mkono wake kwa mikono yake miwili. Wote tukatega masikio tumsikie bibi harusi atasema nini.

"Asante, baba," akasema. "Imechanjwa?"

"Bado," Mzee Wahome akajibu. "Nilikuwa nangoja daktari."